Koo la Tatay Hilarion

Kabla ya mwaka ule, Emalyn hakujua kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaweza kuogopa kijiko. Alikuwa na woga wake, kama watu wote wa kisiwani: aliogopa tufani za mwisho wa mwaka, aliogopa nyoka wa mashamba ya mpunga, aliogopa ardhi tangu siku ilipotikisika ikaangusha mnara wa kanisa. Na kuliko vyote alimwogopa baba mkwe wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Tatay, yaani baba. Lakini kijiko cha chai, kile kidogo cha kukorogea sukari! Sasa kila asubuhi alipokishika, vidole viliingia baridi, mate yakamkauka, na moyo ukamdunda hata akausikia masikioni.

Tatay Hilarion aliangukia nyuma ya nyumba, katikati ya mikakao aliyoipanda kwa mkono wake. Nang Pacing, jirani yao, ndiye aliyemkuta, panga bado liko mkononi na sisimizi wameshaanza kumpanda. Kiharusi. Hospitali ya mjini waliirudisha roho yake, lakini upande wa kulia ukawashinda. Mkono ulining'inia kama wa mtu mwingine, mdomo ukaenda kombo, na maneno, ambayo hata alipokuwa mzima aliyatoa kwa kubania, yakakoma kabisa.

Reynante, mwanawe wa pekee na mume wa Emalyn, alikuwa baharini, fundi wa mitambo kwenye meli ya mizigo, na mkataba wake ulikuwa haujafika hata nusu. Mama mkwe alikuwa amefariki zamani. Kwa hiyo mzee akaletwa nyumbani, na Emalyn akabaki naye, wawili peke yao, pamoja na koo lililosahau kazi yake.

Maana hilo ndilo lililokuwa tatizo lenyewe: koo. Yule binti wa hospitali anayewafundisha wagonjwa kumeza alimweleza Emalyn taratibu, kisha akamtaka arudie kwa mdomo wake mwenyewe.

"Adui yake ni maji," alisema. "Maji, kahawa, supu, chochote chepesi. Vinakimbia kulishinda koo lake. Koo likija kushtuka, vimeshaingia njia ya pumzi. Mpe kitu kizito na laini, kisicho na chembe. Kizito kinatembea polepole, koo linawahi kujifunga. Mkalishe wima, kidevu kiiname, kijiko kidogo, halafu ungoje. Usiongeze mpaka uone koromeo limepanda na kushuka. Kisha mwambie aseme 'aaa.' Sauti ikiwa kavu, heri. Ikikoroma kama ya mtu mwenye maji kooni, acha hapo hapo."

"Na akikohoa?"

"Anayekohoa anapigana, dada. Mwache apigane. Wa kuogopa ni yule anayenyamaza."

Emalyn aliondoka na maneno hayo yamemkaa kifuani kama mwiba. Mzee mwenyewe kunyamaza ndiyo ilikuwa tabia yake tangu ujanani!

Haukupita muda tangu warudi nyumbani, ikaja siku ya jua kali, mabati yanatatarika juu ya vichwa vyao. Tatay akanyoosha mkono wake mzima, wa kushoto, akaonyesha gilasi ya maji mezani. Emalyn akatikisa kichwa. Mzee akaonyesha tena, akagonga ubavu wa kitanda, akamkazia macho yale yale aliyomkazia siku alipoletwa mle ndani kuwa mke wa mtu. Emalyn hakuwahi kuyashinda macho yale hata siku moja.

"Kidogo tu basi, Tatay," alisema. "Kulowesha ulimi." Akamwinulia gilasi.

Hakukohoa. Hilo ndilo lililomrudia Emalyn baadaye, macho akiwa amefumba au amefumbua: hakukohoa. Mzee alipanua kinywa kama samaki aliyetupwa mchangani, macho yakamtoka, uso ukawa mwekundu, ukawa wa zambarau, kisha ukageuka rangi ambayo Emalyn hakuwa na jina lake. Wala hapakuwa na sauti. Emalyn akapiga yowe, na yowe lile ndilo lililomleta Nang Pacing mbio, mikono imejaa povu la sabuni. Yule mama akamwinamisha mzee, akamshindilia makofi ya mgongo, mpaka maji yakamtoka puani na pumzi ikarudi kwa mlio wa bawaba yenye kutu.

"Jamani, Inday!" Nang Pacing alihema, akimwita kama anavyomwita kila msichana, ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha. "Unataka tumzike mzee kabla hatujala nguruwe wa sikukuu?"

Ndivyo alivyo Nang Pacing, hata msibani hutania. Emalyn hakucheka. Alikwenda jikoni, akashika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

Tangu siku ile kumlisha mzee kukawa kama kumshika nyoka kichwani. Hospitali walikuwa wamempa kopo la unga wa kuyapa maji uzito. Emalyn aliukoroga, maji yakawa mlenda mtupu. Mzee alionja, akayatema kifuani. Akamtengenezea uji, akamponda viazi, akamponda ndizi. Mzee alikubali kijiko kimoja, wakati mwingine viwili, kisha meno yakafungwa kama mlango wa duka. Emalyn naye, tuseme kweli, hakusukuma sana. Kila meno yalipofungwa, moyo wake ulishusha pumzi: leo hatapaliwa. Halafu aliona jinsi mifupa ya mabega inavyochomoza, akaogopa upya, kwa upande wa pili.

Reynante akapiga simu, sauti inakatika-katika kwa sababu ya mawimbi.

"Tatay anakula?"

"Anakula."

"Nini na nini?"

"Uji. Viazi. Wewe fanya kazi yako, usiwe na wasiwasi."

"Nipe nimwone."

Emalyn akavuta shuka hadi kidevuni mwa mzee, shingo isionekane, ndipo akageuza simu. Mzee akaitazama picha ya mwanawe bila kupepesa.

"Mbona kama amekonda?" Reynante aliuliza.

"Ni hii taa yetu," alijibu Emalyn, na ulimi wake ukamwasha kwa ule uongo.

Moyoni alikuwa na maelezo yake kuhusu meno yale. Aliamini ni chuki. Tatay Hilarion hakumtaka tangu mwanzo. Yeye alikuwa binti wa wauza samaki wa pwani, asiyejua kutofautisha kakao iliyoiva na iliyooza. Mara tu baada ya harusi Emalyn aliamka mapema akapika sikwate, kinywaji kile cha moto cha kakao ambacho nyumba ile haikupata kuamka bila hicho, akamletea mzee kwa mikono miwili. Mzee akaonja, akakiweka kikombe chini polepole, akachukua panga lake akaenda shambani. Hakusema lolote. Afadhali angetukana! Tangu hapo alijipikia mwenyewe kila alfajiri, na Emalyn akawa anaamshwa na sauti ya batirol, ule upekecho wa mti wenye kichwa cha meno-meno, ukizunguka ndani ya jagi la shaba, vruu, vruu, vruu. Hakugusa tena kakao ya nyumba ile. Sasa yule mtu aliyekataa kikombe chake akiwa na nguvu zake, atawezaje kukubali kijiko chake akiwa hana?

Siku moja mzee aligonga kitanda kwa kiganja, akanyoosha kidole. Emalyn akafuata kidole kile hadi kwenye rafu, hadi kwenye chupa pana iliyojaa vibonge vyeusi vya kakao.

"Hapana, Tatay."

Akagonga tena.

"Nimesema hapana! Unakumbuka maji? Unakumbuka?"

Mzee akageuzia uso ukutani. Siku ile hakufungua kinywa kabisa, wala kesho yake asubuhi.

Nang Pacing alipokuja kuchungulia alimkuta Emalyn ameketi kizingitini, bakuli la uji baridi mapajani.

"Anataka sikwate yake, we huoni?" alisema Nang Pacing. "Mtu kanywa sikwate tangu alipoachishwa ziwa, leo unamlisha mlenda! Hata mimi ningefunga meno."

"Sikwate ni nyepesi, Nang. Itamuua."

"Ya kwenu pwani ndiyo nyepesi. Kwetu huku sikwate ukiimwaga lazima uisukume ndiyo iondoke."

"Basi mpikie wewe. Mlishe wewe."

"Mimi?" Nang Pacing akashika kifua. "Nikimuua mimi, Reynante atakuja kunidai baba. Ukimuua wewe, hayo ni mambo ya ndani ya familia." Kisha akauona uso wa Emalyn, akaacha mzaha, akaketi kando yake. "Natania, Inday. Sikiliza. Sasa hivi anakufa kwa njaa mbele ya macho yako, tena polepole. Huko nako ni kumuua. Kwani binti wa hospitali alikwambia nini? Kizito, laini, hakina chembe. Sikwate haiwezi kuwa hivyo?"

Emalyn alikaa na swali hilo mpaka kivuli kikahama kizingitini. Kisha akanyanyuka.

Hakuvitumia vibonge vya chupani. Mzee alikuwa akivisaga kwa mkono, haraka haraka, na vilikuwa na chembe. Mwenyewe alipenda kuzitafuna zikibaki chini ya kikombe. Emalyn aliziwazia chembe zile moja moja, kila moja imekaa mlangoni pa pumzi kama mwizi. Akaenda ghalani, akachota kokwa kavu kwenye gunia, akazikaanga kwenye chungu huku akizigeuza bila kupumzika, mpaka maganda yakaanza kupasuka na harufu ikajaa nyumba nzima. Chumbani alisikia kitanda kinalia. Mzee alikuwa amegeuka kutoka ukutani.

Akamenya, akapepeta kwa ungo, akasaga kwenye mashine ya mkono. Akasaga tena. Akarudia mpaka kakao ikaacha kuwa unga, ikawa tope jeusi linalong'aa kwa mafuta yake yenyewe, na bado akaichukua akaimalizia juu ya jiwe, akiipima kati ya kidole na kidole kama anayetafuta jiwe kwenye mchele.

Upishi wa kwanza ulitiririka. Aliinua kijiko, sikwate ikadondoka kama mvua ya paa. Akaimwaga. Upishi wa pili akatia unga wa mchele wa kunata ili uwe mzito. Ukawa mzito kweli, na madonge makubwa kama macho ya mbuzi. Akaumwaga nao. Nguruwe wa Nang Pacing walikunywa sikwate mchana ule, wakalala wamekunja miguu kama watawala.

Asubuhi iliyofuata alianza upya. Safari hii unga aliukoroga kwanza pembeni na maji baridi, akauchuja. Akakuna nazi, akakamua tui la kwanza, lile zito, akalichuja kwa kitambaa cheupe. Akachemsha maji kidogo sana kwenye jagi la shaba, akatia kakao na sukari guru, akaacha viyeyuke juu ya moto mdogo. Halafu akaenda kumtoa mzee kitandani, akamkalisha kwenye kiti cha magurudumu, akamfunga shuka kiunoni asitelezeke, akamsogeza hadi karibu na meko. Alitaka kumwona. Alitaka, kama kuna baya litakalotokea, asiwe amempa kisogo.

Akachukua batirol, akaiweka kati ya viganja, akaanza kupekecha. Mzee akatoa mguno.

"Nini?"

Mzee akatikisa kichwa. Emalyn akaongeza kasi. Mguno mwingine, wa hasira zaidi. Mkono wa kushoto ukanyooka, ukaushika mti wa batirol juu ya mikono ya Emalyn na kuuvuta, na jagi likayumba juu ya makaa.

"Tatay, acha! Utajiunguza!"

Hakuacha. Emalyn akalidaka jagi kwa kitambaa, sikwate ikaruka ikamchoma kifundo cha mkono, na kwa muda walivutana pale, mwanamke na mgonjwa, kama watoto wanaogombania fimbo, huku Emalyn akiona akilini mwake jagi zima limemwagikia mapaja ya mzee. Ndipo alipoelewa. Mzee hakuwa anamnyang'anya. Alikuwa ametandaza kiganja chake upande mmoja wa mti, anangoja kiganja cha pili, na cha pili hana. Kimelala mapajani, kimekufa.

Emalyn akaliteremsha jagi kutoka motoni, akalibana sakafuni kati ya miguu yake, mbele ya kiti. Mkono wake wa kushoto ukashika shingo ya jagi kwa kitambaa. Wa kulia akautandaza kwenye mti, kiganja chake kikielekeana na kiganja cha mzee.

"Haya," alisema.

Mwanzo batirol iligongagonga tu. Mmoja alisukuma, mwenzake akasukuma pia. Kisha mzee akamwongoza: mbele msukumo mrefu, nyuma mfupi, kichwa cha upekecho kikae juu karibu na uso wa sikwate, si chini alikokuwa akikizamisha yeye. Vruu. Vruu. Povu likaanza kupanda, la rangi ya udongo mwekundu, likajaa matundu madogo. Emalyn akatia ule unga uliochujwa, akarudisha jagi motoni mpaka sikwate ikaanza kutoa mapovu mazito, pwopu, pwopu, kama tope la moto. Akamalizia na tui. Akachuja yote kwa kitambaa, akiisukuma kwa mwiko, maana haikukubali kupita yenyewe. Akainua kijiko na kukiinamisha. Sikwate ikakaa. Ikafikiri. Kisha ikaanguka donge moja, taratibu.

Povu alilisubiri lizame lote. Akaonja kwanza yeye, akaikandamiza kwa ulimi dhidi ya kaakaa, akitafuta chembe. Hapakuwa na chembe. Akapima moto wake juu ya mdomo.

Akamimina kidogo kikombeni, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mzee, akamwinamisha kidevu. Akachota nusu ya kijiko.

Meno yakafungwa.

Emalyn alihisi kitu kinakatika ndani yake. "Lakini si wewe uliyetaka?" alisema kwa sauti kubwa. "Si wewe? Nimesaga mpaka viganja vimetoka ngozi! Unanichukia hata kiasi cha kufa ili tu usile mkononi mwangu?"

Mzee hakumtazama. Alikuwa akikitazama kijiko. Na Emalyn, kwa mara ya kwanza tangu walipotoka hospitali, badala ya kuyatazama meno akamtazama mtu mwenyewe. Akauona mshipa wa shingo unaruka. Akaona jasho juu ya mdomo uliokwenda kombo. Akaona mkono wa kushoto, ule uliokuwa ukipekecha sasa hivi, umeng'ang'ania ubavu wa kiti hata vifundo vimekuwa vyeupe. Alizijua dalili zile. Alikuwa nazo yeye mwenyewe, zote, saa ile ile.

Akakishusha kijiko.

"Unaogopa," alisema.

Macho ya mzee yakainuka, na hayakuwa yale ya siku zote.

"Na mimi naogopa, Tatay. Naogopa vibaya. Kila nikikulisha naiona ile siku ya maji. Ukifunga meno, nashukuru. Unasikia? Baba wa mume wangu anakufa njaa, na mimi nashukuru, kwa sababu sitaki kuliona tena lile." Machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyafuta, mkono mmoja una kijiko na wa pili una kikombe. "Nimemdanganya Reynante. Nimemwambia unakula. Mimi sijui la kufanya. Tukiogopa wote wawili hivi hivi, nani atashika kijiko?"

Nje jogoo wa mtu aliwika bila sababu. Kisha ule mkono wa kushoto ukaachia kiti, ukaja polepole, ukamshika Emalyn kifundo cha mkono, pale pale palipoungua. Ilimuuma, lakini hakujitoa. Mkono wa mzee ukainua mkono wake pamoja na kijiko, ukausogeza. Kinywa kikafunguka.

Emalyn akaweka sikwate juu ya ulimi, upande ulio mzima, kama alivyofundishwa. Akachomoa kijiko. Akangoja.

Hakuna kilichotokea. Shavu la mzee lilicheza. Koromeo lilikuwa limesimama kama kobe aliyejificha. Emalyn alisahau kuvuta pumzi. Meza, aliomba kimoyomoyo, Bikira Mtakatifu, mwambie ameze. Kisha koromeo likapanda, likakwama, likashuka.

"Tena?"

Mkono ukamvuta. Tena. Na tena. Kikombe kilianza kuonyesha ukingo wa ndani. Emalyn alikuwa ameanza kuamini, na pengine ndiyo maana akaharakisha. Hakuona vizuri kama koromeo limeshuka, akaweka kijiko kingine.

Mzee akapaliwa.

Akakohoa kikohozi kimoja kikubwa, cha pili, na sikwate ikamrukia Emalyn usoni. Kikombe kikaanguka. Emalyn akamwinamisha mbele, mkono mmoja kifuani pake, akisema ovyo, "Pigana, Tatay, pigana, kohoa, kohoa!" Mzee akakohoa mpaka kiti kikatikisika, macho yanamwaga machozi, uso mwekundu, mwekundu zaidi.

Halafu akanyamaza.

Kichwa kiliinama kifuani. Hapakuwa na kikohozi, hapakuwa na mguno. Emalyn alibaki amepiga magoti, mikono imemganda hewani. Alitaka kumwita Nang Pacing na sauti haikutoka. Rangi, alijiambia, tazama rangi, lakini uso ulikuwa umeinama na hakuwa na ujasiri wa kuuinua. Muda ule, alisema baadaye, ulikuwa mrefu kuliko tetemeko la ardhi.

Akaushika ule uso kwa viganja viwili, akauinua. Ulikuwa umelowa, umekunjamana, na rangi yake ni rangi ya mzee mweusi wa jua aliyechoka.

"Tatay. Sema 'aaa.' Nakuomba. Sema 'aaa' niisikie sauti yako."

Tangu alipoanguka, mzee hakuwa amesema neno mbele ya mtu yeyote, wala mbele ya daktari. Sasa midomo ikahangaika, ikapotoka, ikajaribu tena.

"I... me... poa," alisema Tatay Hilarion.

Emalyn hakuelewa. "Nini?"

"Imepoa," mzee alirudia, kwa hasira, akaonyesha jagi kwa kidevu. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, mbovu, imepinda kama mdomo wenyewe, lakini ilikuwa kavu. Kavu kabisa.

Emalyn aliketi sakafuni, juu ya sikwate iliyomwagika, akacheka na kulia kwa pamoja hata Nang Pacing akatokea mlangoni, anauliza nani amekufa.

"Hakuna," alisema Emalyn. "Anataka ipashwe moto."

Siku ile ile yeye mwenyewe alimpigia Reynante, akamweleza yote, tangu gilasi ya maji. Kisha Reynante akauliza kwa sauti ndogo, "Na wewe ulikuwa peke yako muda wote huo?" Hakumkaripia. Aliyemkaripia ni yule binti wa hospitali, walipokwenda kuonwa: kwanza kwa ile gilasi, pili kwa kuharakisha kijiko. Lakini sikwate aliionja, akaiinamisha kwenye kijiko, akaitazama ikianguka, akasema uzito ule ndio, na kwamba asithubutu kuupunguza.

Nisikudanganye kwamba woga uliisha. Mzee alipaliwa tena, mara nyingi tu; wakati mmoja ilibidi wakimbizwe mjini kwa gari la padri, na mapafu yake yakatibiwa kwa muda mrefu. Kila asubuhi Emalyn alipochota kijiko cha kwanza, moyo ulimdunda vile vile. Ila sasa aliyajua macho yaliyokuwa mbele yake, na yeye alijulikana. Mzee akanenepa kidogo. Maneno yakarudi moja moja, mengi yakiwa ya kulalamika: sukari, moto, polepole. Nang Pacing alisema afadhali alipokuwa bubu.

Mkataba wa Reynante ulipokwisha, alifika na mabegi yake, akamkuta baba yake amekalishwa wima karibu na meko, kitambaa kifuani. Alimbusu mkono, akalia kidogo, kisha akajitia ushujaa: leo mimi ndiye nitakayemlisha. Emalyn akampisha kigoda. Reynante akachota, akakiinua kijiko, na Emalyn akaona mkono wa fundi wa meli, mkono unaofungua nati za injini, unatetemeka kama unyasi.

"Mwinamishe kidevu," alisema Emalyn. "Weka upande huu. Halafu ungoje. Usiangalie kinywa, angalia koo."

"Hebu shika wewe kwanza, mke wangu. Nitajifunza kesho."

"Hapana. Kesho pia utaogopa."

Akachukua kapu la nguo chafu, akaliweka kiunoni, akatoka kwenda mtoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu mzee alipoanguka. Alipofika kwenye mikakao alisimama, akageuza sikio upande wa nyumba. Alisikia kikohozi kimoja. Akasubiri, kucha zimezama kwenye ukindu wa kapu. Kikaja kingine, kisha sauti ya mzee ikimfokea mwanawe, kwamba ni haraka mno.

Emalyn akaendelea na njia yake. Alitembea upesi upesi, asije akageuka nyuma.